Viazi Twaviita vya Kizungu: Je, Ni vya Nani?



Kama shamba lako liko katika sehemu za baridi, kama vile Kinangop, Ol Kalou au Molo, hapana shaka unapanda viazi. Wengine huviita waru, wengine viazi ulaya, na wengine viazi vya kizungu. Wenye kusema Kiingereza huviita viazi vya Ireland. Ukiacha lile la waru, majina haya yote yasema jambo moja: kwamba viazi ni mali ya Ulaya, nasi tumeazimwa tu.

Jambo hilo si kweli. Ulaya nayo ilipewa viazi, tena haikumbuki vizuri ilipewa na nani wala mwaka gani. Watu wa huko wamebishana juu ya habari hii kwa muda wa miaka mia nne. Walifika hata kumsimamishia sanamu mtu asiyestahili. Huenda ukasema, "Hayo ni mazungumzo ya wasomi, mimi yanihusu nini?" Nami nasema kwamba yakuhusu sana. Mkulima asiyejua mmea wake ulitoka wapi amepata nusu ya mali tu. Nusu ya pili ni maarifa ya wale waliomtangulia kuulima. Ulaya ilisahau nusu hiyo ya pili, na katika njaa iliyoanza mwaka 1845 watu walikufa kwa maelfu.

Kwanza tutazame asili yenyewe. Viazi ni mmea wa milima ya Andes, katika Amerika ya Kusini. Zamani sana, zaidi ya miaka 7,000 iliyopita, wakulima wa nchi ambazo leo huitwa Peru na Bolivia walianza kulima viazi mwitu. Ziwa lao kubwa, Titicaca, liko juu kiasi cha mita 3,800 kutoka usawa wa bahari. Huko usiku maji huganda kuwa barafu na mahindi hayastawi vizuri. Viazi mwitu ni vidogo, ni vichungu, tena vina sumu. Lakini wakulima wale walichagua mwaka hata mwaka. Kilicho kikubwa na kitamu kilirudishwa udongoni kuwa mbegu, na kilicho kibaya kiliachwa. Kwa njia hiyo walipata aina nyingi ajabu. Mpaka leo aina za kienyeji za viazi zahesabiwa kuwa zaidi ya 4,000, na nyingi ziko katika milima hiyo.

Tena wakulima hao hawakupanda aina moja peke yake. Katika shamba moja walichanganya nyingi: hii yavumilia baridi, hii yavumilia ugonjwa, hii ni ya sufuria, hii ni ya kuweka akiba. Walijua pia kutengeneza chakula kiitwacho chuño. Waliacha viazi vigande usiku, wakavikanyaga kwa miguu kutoa maji, kisha wakavianika juani. Chuño iliyokauka vizuri yaweza kukaa ghalani miaka mingi bila kuharibika. Basi mwaka wa njaa ukija, ghala lina kitu.

Wahispania waliingia Peru mwaka 1532. Hawakwenda kutafuta chakula. Walikwenda kutafuta dhahabu na fedha. Kila mzigo wa fedha uliandikwa katika daftari, lakini hapana karani aliyeandika siku ambayo kiazi cha kwanza kilipakiwa melini. Hapo ndipo ubishi ulipoanza, maana pasipo na maandishi kila mtu hujaza hadithi yake.

Hadithi iliyojulikana sana ni ile ya Francis Drake, nahodha wa Uingereza. Mwaka 1853, katika mji wa Offenburg huko Ujerumani, walisimamisha sanamu yake akishika mmea wa viazi mkononi. Chini yake waliandika kwamba yeye ndiye aliyeleta viazi Ulaya mwaka 1586. Sanamu hiyo ilibomolewa mwaka 1939. Ni kweli Drake aliviona viazi mapema: mwaka 1578, alipokuwa akizunguka dunia, wenyeji wa kisiwa kimoja karibu na pwani ya Chile walimletea. Lakini alifika kwao Uingereza mwaka 1580. Wewe uliyepata kuweka viazi ghalani wajua kwamba kiazi hakiwezi kukaa karibu miaka miwili katika joto la meli bila kuchipua, kunyauka na kuoza.

Hadithi ya pili ni ya Walter Raleigh, bwana mkubwa wa Uingereza aliyekuwa na mashamba Ireland. Yasemekana alivileta kutoka Virginia, katika Amerika ya Kaskazini, akavipanda huko Ireland. Hadithi hii ilipata nguvu kwa sababu ya kitabu cha mimea cha John Gerard kilichotoka London mwaka 1597. Gerard aliandika kwamba viazi vyake vilitoka Virginia. Tena alichorwa picha akiwa ameshika tawi la viazi lenye maua. Lakini Raleigh mwenyewe hakupata kukanyaga Virginia, na wenyeji wa Virginia siku hizo hawakulima viazi hivi. Kitabu kilikosea, na waliokuja baadaye wakanakili kosa kwa miaka mingi.

Sasa tuache hadithi, tutazame karatasi. Wewe mwenye shamba la skimu wajua tofauti kati ya maneno ya barazani na hati yenye muhuri. Wasomi waliopekua hati za zamani za Visiwa vya Kanari, vilivyo baharini upande wa magharibi wa Afrika, walikuta jambo kubwa. Mwezi wa Novemba 1567 mapipa yenye viazi, machungwa na ndimu yalitumwa kutoka huko kwenda mji wa Antwerp. Mwaka 1574 viazi vilitumwa tena, safari hii kwenda Rouen, Ufaransa. Na katika mji wa Sevilla, Hispania, daftari za hospitali moja zaonyesha kwamba mwaka 1573 viazi vilinunuliwa kwa chakula cha wagonjwa.

Hebu fikiri kama mkulima. Mtu hauzi mbegu yake ya kwanza. Tuseme umepewa viazi kumi vya aina mpya. Mwaka wa kwanza utapanda vyote kumi, na mavuno yake utayapanda tena. Itapita misimu kadhaa kabla hujapata vya kujaza mapipa na kuvitia melini kwenda kuuza nchi ya mbali. Basi kama viazi viliuzwa kutoka Kanari mwaka 1567, ni lazima viliingia katika visiwa hivyo miaka kadhaa kabla. Wakati huo Drake alikuwa bado kijana asiye na jina, na Raleigh alikuwa mtoto. Nami naona ushahidi huu una nguvu kuliko sanamu.

Lakini hata hati yataka kusomwa kwa uangalifu, maana majina yamechanganyika. Wenyeji wa Andes husema papa. Viazi vitamu, ambavyo Wahispania walivikuta mapema zaidi katika visiwa vya Amerika, viliitwa batata. Majina hayo mawili yalikaribiana, na ndani ya Hispania likatokea neno patata, na kwa Waingereza potato. Msomaji wa daftari la zamani ni lazima ajiulize kila mara: je, karani huyu alikuwa na maana ya viazi vitamu au viazi hivi vingine? Hata sisi hatukuepuka mchanganyiko huo. Neno mbatata, ambalo watu wa pwani hulitumia kwa viazi hivi, latokana na batata kwa njia ya Wareno. Lakini watu wa Visiwa vya Kanari husema papas mpaka leo, kama wakulima wa Andes wasemavyo. Jina hilo nalo ni shahidi.

Kuna ubishi wa pili, nao wahusu jua. Viazi vya Andes vilizoea nchi ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana, saa kumi na mbili kwa kumi na mbili, kama ilivyo huku kwetu Kenya. Lakini Ulaya ya kaskazini wakati wa kiangazi mchana huwa mrefu sana, hata saa kumi na sita na zaidi. Viazi vya Andes vikipandwa huko huota majani mengi, lakini huchelewa kutia viazi chini. Vinapoanza kujaza, baridi ya barafu huwa imekaribia. Viazi vya kusini mwa Chile ni tofauti, maana vimezoea mchana mrefu. Kwa hiyo mwaka 1929 wataalamu wa Urusi walisema kwamba viazi vya Ulaya vilitoka Chile. Wataalamu wa Uingereza walikataa. Walisema kwamba vilitoka Andes, na kwamba wakulima wa Ulaya walivizoeza polepole kwa kuchagua mbegu.

Ubishi huo ulipata nuru katika siku zetu, wataalamu walipochunguza alama za urithi ndani ya majani makavu ya viazi yaliyohifadhiwa tangu zamani. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2008, na mwingine wa mwaka 2019, ulionyesha kwamba viazi vya kwanza vya Ulaya vilikuwa vya Andes. Vile vya Chile viliingia baadaye, na vilionekana Ulaya kuanzia mwaka 1811, kisha vikachanganywa na vile vya kwanza. Basi kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli.

Lakini tazama jambo ambalo wabishi wengi hulipita bila kulitaja. Kati ya miaka ya 1560 na 1800 ni nani aliyefanya kiazi cha Andes kikubali mchana mrefu wa Ulaya? Si Drake, wala si Raleigh. Ni wakulima na watunza bustani wasiotajwa majina. Mwaka hata mwaka waliweka mbegu ya mmea uliotangulia kutia viazi, wakaacha ule uliochelewa. Walifanya kazi ile ile waliyoifanya wakulima wa Andes maelfu ya miaka kabla yao. Nahodha hubeba gunia. Mkulima ndiye afanyaye mbegu. Kama Offenburg walitaka sanamu ya kweli, yafaa wangemsimamisha mwanamke wa Andes, ameinama, achagua viazi vya kupanda.

Labda utaniambia kwamba sifa za watu waliokufa zamani hazijazi gunia. Ni kweli. Lakini kosa la kusahau wakulima lilileta kosa lingine kubwa zaidi. Kwa kuwa watu wa Ulaya waliona viazi kuwa zawadi ya manahodha, walipokea kiazi wakaacha maarifa yake. Hawakuuliza, "Wenyewe hupandaje? Hupanda aina ngapi? Mwaka mbaya ukija huweka nini ghalani?" Mbegu zilizovuka bahari zilikuwa chache. Mwaka 1588 mtaalamu wa mimea Clusius, huko Vienna, alipokea viazi viwili tu na tunda moja, navyo vilikuwa zawadi ya kutazamwa. Na kiazi, kama ujuavyo, hupandwa kwa kiazi chenyewe. Mtoto ni sawa kabisa na mzazi. Ukipanda kiazi kimoja mpaka kijaze nchi nzima, nchi nzima ina mmea mmoja, na udhaifu wake ni mmoja.

Mahali palipoonja uchungu huo ni Ireland. Huko wapangaji maskini walikuwa na vipande vidogo vya ardhi, na viazi ndivyo vilivyoweza kulisha jamaa katika kipande kidogo. Wengi wao walipanda aina moja iliyoitwa Lumper, kwa sababu ilizaa sana hata katika udongo dhaifu. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia Ulaya. Ulionekana kwanza Ubelgiji, na kabla mwaka haujaisha ulikuwa Ireland. Majani yalikuwa meusi kwa siku chache, viazi vikaoza udongoni vikinuka. Mwaka 1846 ulikuwa mbaya zaidi.

Tuseme haki: ukungu peke yake haukuua watu wale. Chakula kingine kiliendelea kutolewa Ireland kwenda kuuzwa nje, na msaada wa serikali ya London ulikuwa haba, tena ulichelewa. Lakini mlango ulifunguliwa na shamba lenye aina moja. Watu kiasi cha milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja walihama nchi. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilikuwa zaidi ya milioni nane. Ile ya mwaka 1851 ilikuwa milioni sita na nusu.

Baadaye wataalamu walifanya nini? Walirudi Amerika. Katika karne ya ishirini walitafuta nguvu ya kupinga ukungu katika viazi mwitu vya Mexico, na walikusanya aina za Andes. Yaani baada ya miaka mia tatu walikwenda kuuliza swali ambalo yafaa wangeliuliza siku ya kwanza. Wazee wetu husema, mwacha asili ni mtumwa.

Sasa turudi shambani kwako. Viazi viliingia Kenya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa pamoja na Wazungu, na ukungu ulivifuata katika miaka ya vita vya 1939 hadi 1945. Leo viazi ni chakula cha pili baada ya mahindi. Lakini tazama mashamba ya majirani. Mengi yamejaa aina moja, Shangi. Siilaumu Shangi. Yazaa vizuri, yaiva upesi, na soko laipenda. Tena ilienea kwa mikono ya wakulima wenyewe kabla ya kuandikwa rasmi, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini haivumilii sana ukungu, na kwa sababu huchipua upesi haikai ghalani. Nchi iliyojaa aina moja isiyokaa ghalani yanikumbusha Ireland kuliko Andes.

Na mbegu zenyewe zatoka wapi? Wakulima wengi huchukua viazi vidogo vilivyobaki baada ya kuuza vikubwa, au hununua sokoni bila kujua shamba lililovizaa. Hivyo ndivyo ugonjwa wa mnyauko usafirivyo kutoka shamba hata shamba, umejificha ndani ya kiazi kinachoonekana kizima. Mara nyingi kiazi kidogo ni kidogo kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Mkulima wa Andes alichagua kilicho bora kwa mbegu akala kilichobaki. Sisi twauza kilicho bora na kupanda kilichobaki. Kisha twashangaa kwa nini mavuno yapungua.

Kwa hiyo nakuomba ufanye mambo manne. Kwanza, usinunue mbegu bila kuuliza: imetoka shamba gani, ni ya uzao wa ngapi tangu mbegu safi iliyokaguliwa, na shamba hilo lilipata kuwa na mnyauko? Pili, panda walau aina mbili au tatu, hata kama moja ndiyo ya soko. Tatu, viazi vikianza kutoa maua, pita shambani ukachomeke vijiti penye mashina yenye afya. Yachimbe hayo peke yake siku ya mavuno, nayo yawe mbegu yako. Nne, nunua daftari la shule, uandike: mbegu hii nimeipata kwa fulani, mwaka fulani, nimeipanda kipande fulani, imetoa magunia kadha wa kadha.

Daftari hilo ni dogo, lakini lina maana kubwa. Laiti karani mmoja wa Hispania angeandika mstari mmoja juu ya kiazi kama alivyoandika juu ya fedha, ubishi wote wa Ulaya usingekuwako. Watoto wako watakaorithi shamba wasije wakabishana juu ya mbegu yako kwa kukosa mstari mmoja.

Endelea kuviita viazi vya kizungu ukipenda, maana jina lililozoewa haliondoki kwa makala ya gazeti. Lakini mtu akikuuliza ni vya nani, mwambie ni vya wakulima wa Andes, nasi tumekuwa warithi wao pamoja na Ulaya. Akikuuliza tena mbegu yako wewe imetoka wapi, uwe na jibu.